Kilio cha Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Karakana ya Saa
4 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini mguu unaendelea vizuri ndani ya plasta, na kwamba umeacha kuukuna kwa sindano ya kufumia.

Kwanza niombe radhi. Nakuandikia bila mwanao kujua. Simu najua huisikii tena, na ujumbe huusomi, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Barua hii inakuja na vifurushi vya basi. Ukijibu, tafadhali andika anwani ya karakana, ya nyumbani usiiandike.

Ni kuhusu mjukuu wako. Leo ametimiza wiki nne na siku mbili. Ananyonya vizuri, mchana analala, anajinyoosha kama mtu aliyestaafu. Ikifika saa kumi na moja na dakika kumi jioni anaanza kulia. Sisemi saa kumi na moja hivi. Nimepima siku tisa mfululizo, na hajawahi kupishana na dakika hiyo kwa zaidi ya dakika tano. Anakunja miguu mpaka tumboni, anafumba ngumi, uso unamwiva, tumbo linakuwa gumu. Anaendelea mpaka yapata saa moja na dakika kumi, kisha ananyamaza ghafla na kututazama kama vile sisi ndio tuliokuwa tunapiga kelele.

Mama, mimi ni fundi saa. Kitu kinachoharibika wakati uleule kila siku kina sababu, na sababu ina mahali pake. Saa ikichelewa huipigi makofi. Unaifungua, unaondoa sehemu moja, unapima, unairudisha, unaondoa nyingine. Nimeanza hivyo nyumbani. Jumatatu iliyopita niliondoa blanketi la sufi. Jumanne niliondoa sabuni ya kufulia yenye manukato. Jumatano niliondoa saa ya ukutani, huenda mlio wake ulikuwa unamkera. Bado.

Nisikufiche, ninayemwogopea zaidi ni mama yake. Wewe ndiye uliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Sasa ananyamaza. Jioni akimaliza kubembeleza anakaa kwenye kochi anatazama ukuta pale saa ilipokuwa. Niambie ni sehemu gani niiondoe.

Mkweo,
Fundi


6 Machi

Mkwe wangu Fundi,

Marahaba. Mguu unawasha. Sindano imenipotelea humohumo ndani ya plasta, kwa hiyo tusiizungumze tena.

Mtoto wako ana msokoto wa tumbo. Bibi zetu waliita chango. Nimeuona kwa miaka thelathini na mmoja kliniki ya watoto wachanga, na ukiniuliza unatokana na nini nitakujibu kama daktari wetu mkuu alivyokuwa akijibu, kwamba hajui, na anayejidai kujua anauza dawa. Huanza wiki ya pili au ya tatu. Wiki ya sita huwa mbaya kupita zote. Mwezi wa tatu ukiisha, au wa nne, hutoweka bila kuaga. Mtoto anabaki mzima, wanaobaki hoi ni nyinyi.

Sasa nisikilize vizuri. Akipata homa, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, akigoma kunyonya au akilegea, usiniandikie barua, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kama hayo hayapo na uzito unapanda, basi hakuna kilichoharibika. Ukitaka sana kupima kitu, pima uzito.

Cha kufanya ni hiki. Akinyonya, mweke wima begani umpigepige mgongo mpaka acheue. Akianza kulia, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku, kisha tembea naye. Punguza taa. Mlio wa maji ya bomba huwasaidia wengine. Maji ya kuoga ya uvuguvugu pia. Jambo moja likimsaidia leo, kesho linaweza lisimsaidie, usilikasirikie. Usimpe majani ya kuchemsha ya mtu yeyote, hata ya mwenye mvi kama zangu. Wala usimtikise kamwe, hata kidogo, hata kwa mchezo.

Na mpokezane. Mikono minne ni dawa kuliko zote nilizowahi kuandika kwenye kadi ya kliniki.

Saa ya ukutani irudishe. Haina kosa.

Mama mkwe wako


9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Fundi asijue kama nimekuandikia. Yeye anadhani naendelea vizuri na nataka aendelee kudhani hivyo, maana ana mambo yake.

Mjukuu wako tumemwita Mkubwa, kwa sababu anaishi kama mkubwa wa ofisi. Mchana amelala, jioni anaitisha kikao. Na mimi unanijua kazi yangu, dawati la malalamiko idara ya maji, miaka sita. Bomba limepasuka, mita inakimbia, maji yanatoka na tope, kila mtu nimemsikiliza na kila mtu nimempa fomu. Huyu mlalamikaji sina fomu yake. Ananilalamikia saa mbili nzima na sijui shida yake ni ipi.

Fundi mwanzoni alikuwa ananichekesha. Anaondoa vitu. Kaondoa blanketi, kaondoa sabuni, kaondoa saa ya ukutani, juzi akairudisha. Nikamwambia bado hujaondoa kochi. Hakucheka. Siku chache alimbeba vizuri sana, kifudifudi mkononi, sijui alijifunzia wapi, wakawa wanazunguka meza. Lakini Mkubwa akilia mikononi mwake yeye anamtazama usoni vile anavyotazama ndani ya saa, jicho moja kama liko kwenye lenzi.

Sasa amepata kazi ya saa ya mnara wa stesheni. Anasema ni ya haraka, itamchelewesha jioni kwa wiki kadhaa. Kazi ni kazi. Nimemwambia hakuna neno.

Jirani wa juu anagonga sakafu kwa mpini wa ufagio. Namwelewa. Ningekuwa na wa kumgongea na mimi ningegonga.

Mama, na mimi nililia hivi?

Mwanao,
Chiriku


11 Machi

Chiriku wangu,

Ulilia. Ulilia mpaka mwenye nyumba akatushauri tupate makazi mapana zaidi. Kisha siku moja ukaacha kulia ukaanza kuongea, na nikagundua kilio kilikuwa na nafuu.

Nimesikia ya siri. Ya kwako inabaki kwangu.

Mkubwa wako si mgonjwa na wewe hujamkosea. Hakuna ulichokula, hakuna ulichofikiri wakati wa mimba, na maziwa yako hayana tatizo. Watu watakwambia vingine. Watu hao wape fomu.

Kitu kimoja nataka ukishike. Ikifika mahali unahisi huwezi, mlaze chali kitandani mwake, pasipo mto wala mablanketi, funga mlango, ukakae mbali naye dakika kumi. Akilia peke yake dakika kumi mahali salama hadhuriki. Mama aliyefika mwisho akaendelea kushikilia ndiye anayetutia hofu sisi wa kliniki. Wengi huona aibu kuweka mtoto chini. Usione.

Fundi akimaliza huo mnara mwambie ashike zamu yake.

Mama


Karakana ya Saa
15 Machi

Shikamoo Mama,

Nilifuata maelekezo yako yote, na saa ya ukutani imerudi. Uzito nimepima kwenye mizani ya kliniki siku ya chanjo, unapanda vizuri.

Nakuletea vipimo kwa sababu nadhani nimepata. Wiki iliyoishia tarehe nane, wastani wa kilio ulikuwa dakika mia moja na kumi na tisa kwa jioni. Wiki hii kuna sehemu moja nimeiondoa. Matokeo ni haya. Jumatatu mia na kumi na mbili. Jumanne mia na nne, baada ya kuanza kwa kuchelewa dakika nne. Jumatano mia na nane, ingawa hapo katikati gari la taka lilipita likaniharibia dakika moja hivi, na baadaye Chiriku alifungulia bomba mtoto akanyamaza kidogo. Jana mia na tatu. Wastani umeshuka mpaka karibu mia na saba. Dakika kumi na mbili, Mama. Kwenye saa, badiliko la namna hiyo halitokei hivihivi.

Nitaendelea kuiweka pembeni sehemu hiyo mpaka tuone mwisho wake. Ni hasara kidogo kwangu, lakini si kitu.

Chiriku bado hasemi sana. Namwachia nafasi.

Mkweo,
Fundi


16 Machi

Mama,

Leo sina utani, nisamehe.

Jumanne nilifanya ulivyosema. Mikono yangu ilikuwa imemshika Mkubwa ubavuni na nikaona vidole vyangu vimekuwa vyeupe kwenye vifundo. Mama, nilikuwa nimembana. Nilikuwa namwambia nyamaza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwangu, na mikono ilitaka kufanya jambo ambalo sitaliandika. Nikamlaza chali, nikafunga mlango, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Nilihesabu madaraja ya ngazi yale, ni kumi na saba. Niliporudi nilimvua nguo zote nikamkagua mwili mzima. Hana alama. Lakini nimeogopa mikono yangu tangu siku hiyo, hata kumwogesha naogopa.

Na nilikuwa peke yangu. Kila jioni niko peke yangu. Fundi anaingia saa moja na nusu, mtoto ameshalala, ananiuliza imekuwaje leo kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

Juzi asubuhi nikambeba Mkubwa tukaenda stesheni. Nilitaka kumwonyesha baba yake alivyo juu kwenye mnara. Saa imesimama Mama. Mishale iko saa nne, ina kinyesi cha ndege. Nikamuuliza mlinzi wa pale, akasema tangu mwaka jana hakuna fundi aliyepanda humo, hata ngazi yenyewe imeoza.

Kwa hiyo kuna mahali anapokwenda. Sitamuuliza. Nimesikiliza waongo wa kutosha kwenye lile dawati, wanaosema mita imejizungusha yenyewe. Mwanamume akikimbia nyumba kila siku saa ileile, ana nyumba nyingine ya kuwahi.

Jumamosi ijayo, tarehe 23, napanda basi la asubuhi na mtoto. Sitarudi huku. Najua una plasta, sitakusumbua, nitajihudumia. Usimwambie.

Chiriku


18 Machi

Fundi,

Gari la taka halipiti sebuleni kwenu. Ulikuwa wapi Jumatano?

Nijibu kwa basi la kesho, na nijibu kweli.

Mama mkwe wako


Karakana ya Saa
19 Machi

Shikamoo Mama,

Nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Mbele ya duka la vioo kuna kibaraza, ukisimama hapo unaliona dirisha letu na unamsikia vizuri kabisa. Ninafunga karakana saa kumi na nusu, nasimama pale na saa mkononi mpaka anyamaze. Nikiona taa ya sebuleni imewashwa, nahesabu dakika ishirini, kisha napanda.

Sehemu niliyoiondoa ni mimi.

Usinikasirikie kabla hujasikia hesabu yenyewe. Nilianza na vitu, vikaisha. Nikabaki na watu. Mama yake huwezi kumwondoa, ananyonyesha. Nikajiangalia mimi. Mikono yangu inanuka mafuta ya saa na benzini hata nikiosha mara tatu. Vidole vyangu ni vya kushika parafujo ndogo kuliko punje ya mchele, mtoto nikimshika nahisi vinamshika kama kibano. Na akiwa mikononi mwangu alikuwa analia akinitazama machoni. Nikasema nijaribu. Siku ya kwanza tu dakika saba zikapungua.

Unajua tunavyofanya. Ukiondoa sehemu na saa ikaanza kwenda vizuri, huirudishi sehemu ile kwa sababu unaipenda.

Uongo wa mnara nimeusema kwa sababu sikuweza kumwambia Chiriku kwamba mwanawe ananikataa. Sijui ningeanzia neno gani. Baba yangu naye watoto walimwogopa, mimi nikiwa wa kwanza, na nilifikiri yangu itakuwa tofauti. Pale kibarazani nasikia kila kitu. Jumanne iliyopita nilisikia mlango ukifungwa, kisha mtoto akalia peke yake dakika kumi na moja. Nilivuka barabara mpaka mlango wa chini. Nikashika kitasa. Nikajiambia nikiingia nitazidisha, nikarudi.

Naomba usimwambie. Ataona nimejionea huruma. Miezi mitatu ikiisha nitarudi jioni kama kawaida na hakuna atakayejua.

Mkweo,
Fundi


20 Machi

Chiriku,

Ndani ya bahasha hii kuna barua tatu za mumeo, ameniandikia mimi tangu tarehe nne. Ameniomba nizifiche, na mimi leo nazitoa. Akichukia, ana haki. Zisome zote kwa mpangilio wa tarehe, ya jana iwe ya mwisho. Usizisome umesimama.

Barua zako sijampa na sitampa. Mambo ya mikono yako ni yako, utamwambia wewe ukitaka. Ulichofanya Jumanne ndicho nilichokufundisha, na ulikifanya kabla hakijaharibika kitu. Hiyo mikono unayoiogopa ndiyo iliyomlaza chini. Mwogeshe mtoto.

Kuhusu vipimo vyake, niliwahi kuandika vilio vya watoto kwenye daftari la kliniki kwa miezi minane, kwa ajili ya utafiti wa daktari. Dakika kumi na mbili si kitu. Leo mia, kesho mia na ishirini, keshokutwa themanini, na hakuna aliyeingia wala kutoka. Sasa Mkubwa ana wiki ya sita, atalia zaidi, baba awepo asiwepo. Fundi hajui hilo kwa sababu saa hazina wiki ya sita. Nilimwandikia, lakini nadhani alisoma orodha ya kufanya akaruka maelezo.

Mlango wangu uko wazi Jumamosi. Njoo kama unakuja. Ila ukija, uje kwa kosa alilolifanya, usije kwa lile ulilomdhania. Na kosa analo. Kukuacha peke yako ni kosa, hata kama alisimama kibarazani.

Jioni, saa kumi na moja na robo, chungulia dirishani.

Mama


25 Machi

Chiriku na Fundi, yeyote atakayeifungua,

Jumamosi basi la asubuhi lilifika. Nilimtuma jirani akasimame stendi. Hakukuwa na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Jumapili vilevile. Leo vifurushi vimefika na sina barua.

Kliniki nilikuwa mtu mkavu, wenzangu walisema hivyo mbele yangu. Nilimwambia mama aliyechoka, itapita, kisha nikaita aliyefuata kwenye foleni. Maelfu yao. Sikuwahi kukaa na hata mmoja mpaka ikapita, na sikuwahi kuuliza baba amesimama wapi. Sasa nimekaa kwenye kiti na mguu juu ya stuli na siwezi kumwita aliyefuata. Nina hofu. Nimeisema.

Hata neno moja linatosha.

Mama


26 Machi

Mama,

Tupo. Wote watatu tupo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nimelala. Sikutanii, nimelala.

Bahasha yako ilifika Ijumaa saa tisa. Nilizisoma nimekaa, kama ulivyosema. Nikazirudia. Mkubwa akaanza kwa wakati wake, nikambeba mpaka dirishani nikasogeza pazia.

Alikuwepo. Mbele ya duka la vioo, na kile kikoti chake cha karakana, saa kwenye kiganja, kichwa kimeinama upande kama anavyosikiliza saa mbovu. Nyuma yake vioo vyote vile vya dukani, kwa hiyo walikuwa yeye kama kumi, wote wananisikiliza. Watu walikuwa wanampita. Nimeishi naye miaka minne Mama, na sikuwahi kumwona akiwa hajui kama natazamwa. Yaani akiwa hajui kama namtazama, hata sentensi zangu zimechoka.

Nilikuwa na hasira. Bado ninazo kiasi. Mizigo ilikuwa imefungwa, iko nyuma ya mlango. Siku kumi nimeogopa mikono yangu mwenyewe, na yeye yuko hatua arobaini anahesabu! Lakini nyumba ndogo aliyokuwa anaiwahi ilikuwa kibaraza.

Nilishuka na mtoto analia. Tulivuka. Aliponiona alificha saa mfukoni, kama mwanafunzi aliyekutwa na kitu darasani.  Nilimpa mtoto mkononi, nikamfunika, nikarudi juu nikalala na viatu.

Kilichotokea barabarani sikijui. Atakuandikia mwenyewe, nimemwambia lazima. Nilipoamka kulikuwa na giza na nyumba kimya, wamekaa kwenye kochi wote wawili. Nikamwambia ya mikono. Nilimwambia yote, hata lile ambalo sikuliandika kwako.

Bado sijaifungua mizigo. Lakini nimetoa nguo za mtoto, alikuwa hana za kubadilisha.

Chiriku


Nyumbani
28 Machi

Shikamoo Mama,

Sikufurahi ulivyofanya. Nimeambiwa niandike kweli, kwa hiyo naanza na hiyo. Nilikuomba jambo moja.

Sasa niseme mengine. Nilikuficha kitu. Jumatano na Alhamisi, tarehe ishirini na ishirini na moja, nikiwa kibarazani, alilia dakika mia na ishirini na sita, kisha mia na thelathini na moja. Hazijawahi kuwa nyingi hivyo. Sikukuandikia. Nilijiambia nimekosea kuhesabu, halafu nikajiambia labda harufu yangu imebaki kwenye mapazia. Fundi akishaamua sehemu mbovu ni ipi, Mama, hata saa ikimwambia vingine hasikii.

Ijumaa Chiriku alinikabidhi mtoto barabarani akageuka akaondoka. Sikuwa na mahali pa kukaa wala meza ya kuzunguka. Nilimlaza kifudifudi mkononi kama ulivyonielekeza, nikatembea. Tulienda mpaka mwisho wa barabara tukarudi, mara sijui ngapi. Muuza vioo alitoka akaniuliza kama mtoto ni wangu au nimemwiba. Mwanamke mmoja akaniambia ana njaa, mwingine ana baridi, mzee mmoja akasema ana hasira tu kama babu yake. Mimi nilikuwa nasubiri azidi. Nilikuwa na hakika sasa atalia kuliko siku zote, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine, ni mimi na yeye, na mikono yangu hii.

Alinyamaza mbele ya duka la viatu. Saa niliitoa kwa mazoea tu. Dakika mia na ishirini na saba.

Nilisimama nikapiga hesabu mara tatu. Bila mimi mia na ishirini na sita na mia na thelathini na moja. Na mimi, karibu mwanzo mpaka mwisho, mia na ishirini na saba. Analia sawasawa niwepo nisiwepo. Mtoto huyu hanitambui hata kidogo kama sababu ya jambo lolote. Mama, sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu hanijali. Nilikaa kwenye ngazi za duka la viatu nikalia, yeye akanitazama mpaka nikamaliza.

Chiriku alinieleza ya Jumanne ile, mlango ulipofungwa. Zile dakika kumi na moja nilizozipima nilizijua urefu wake tu. Nimemwambia nilikuwa nimeshika kitasa cha chini wakati huo.  Akauliza mbona sikukizungusha, na kila jibu nililonalo linanitia aibu. Nadhani atauliza tena, na nitakuwepo wa kuulizwa.

Tumegawana. Saa ya kwanza ni yangu na ya pili ni yake, kesho tunabadilishana. Asiye na zamu anatoka nje kabisa au analala. Bado analia vilevile, mjukuu wako. Jirani wa juu bado anagonga.

Nilitaka kukueleza na habari ya uzito, lakini ameanza, na zamu ni yangu.

Fundi